Umiliki na Udhibiti: Mume na Mke katika Kampuni Moja

Umiliki ni neno lililobeba mizigo miwili tangu zamani, kwa kuwa mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa pia mamlaka na kutamalaki, hata anayesikia kwamba fulani anamiliki shamba hudhani papo hapo kuwa ndiye mwenye amri juu yake. Sheria ya kampuni huitenganisha mizigo hiyo: umiliki ni haki ya mwanahisa katika hisa zake pamoja na gawio linapotangazwa, ilhali udhibiti ni uwezo wa kuamua, hasa kuteua na kuondoa wakurugenzi.

Ichukuliwe kampuni ndogo ya pembejeo karibu na soko la Tengeru, ambamo mume ana hisa 99 na mke ana 1, aliyopewa ili kutimiza idadi tu, kwa maana Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 ilipotungwa ilitaka kampuni binafsi iwe na wanachama wasiopungua wawili. Mke huyo ni mmiliki, lakini hadhibiti chochote, kwani azimio la kawaida hupita kwa wingi wa kura na azimio maalumu kwa robo tatu, hata kama ni yeye afunguaye duka kila asubuhi. Desturi ya kugawa hisa moja ili kutimiza idadi ni kongwe: katika kesi ya Salomon, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1897, mtengenezaji wa viatu Aron Salomon alikuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007, na mkewe na watoto watano moja moja.

Kugawana nusu kwa nusu nako hakutoshi, maana kila mmoja anaweza kuzuia na hakuna awezaye kupitisha. Na katiba ya kampuni ikimpa mwenyekiti kura ya uamuzi, umiliki hubaki sawa huku udhibiti ukihamia upande mmoja bila hisa hata moja kuuzwa.

Suala la umiliki hujitokeza pia ndoa inapovunjika: nchini Tanzania, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983, ilikubali kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Lakini mbegu na mbolea zilizomo dukani ni mali ya kampuni, na kilicho cha wanandoa ni hisa.

Kwa kuwa umiliki na udhibiti ni mambo mawili, istilahi ya mmiliki manufaa, inayotumika katika usajili wa kampuni, ina upungufu, kwani sheria humkusudia pia mtu anayedhibiti kampuni pasipo kuimiliki. Afadhali ingesemwa mmiliki au mdhibiti halisi, ili mke anayejaza fomu atambue kwamba anaulizwa maswali mawili.