Karne ya kupambana na makohozi

Kabla ya penisilini kuingia hospitalini katika miaka ya 1940, mtu aliyejaa usaha mapafuni hakuwa na dawa ya uhakika ya kumponya. Madaktari walitegemea uzito wa makohozi yenyewe. Mwaka 1898 Heinrich Quincke wa Kiel, Ujerumani, alieleza namna ya kumlaza mgonjwa miguu ikiwa juu kuliko kichwa, ili uchafu uteremke kutoka sehemu ya chini ya mapafu, naye akohoe na kuutema. Mwaka 1901 William Ewart wa London aliandika katika jarida la Lancet juu ya kuwatibu kwa mlalo wagonjwa ambao mirija ya mapafu yao ilikuwa imetanuka.

Kuinamisha tu hakukutosha, kwa kuwa kila tawi la mapafu lina upande wake wa kutiririkia. Mwaka 1934 H. P. Nelson alieleza mlalo unaofaa kila sehemu: ya juu husafishika mgonjwa akiwa ameketi, ya chini akiinamishwa. Baadaye mlalo ukaunganishwa na mikono: mtaalamu wa tiba ya viungo alipigapiga kifua kwa viganja vilivyokunjwa, kisha akakitikisa mgonjwa anapotoa pumzi.

Kwa waliozaliwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito na ya kunata, hiyo ikawa kazi ya kila siku nyumbani, na mpigaji alikuwa mzazi. Lakini mtoto hukua. Kijana aliyetaka kwenda kujitegemea angepigwa mgongo na nani?

Jibu lilipatikana katika pumzi. Mwaka 1967 Jean Chevaillier wa Ubelgiji alibuni upumuaji wa ngazi: pumzi ndogo za chini kwanza, kisha za kati, kisha kubwa, makohozi yakisogea hatua kwa hatua. Huko London, katika hospitali ya Brompton, Jennifer Pryor na Barbara Webber walijaribu mbinu ya kuhema nje kwa nguvu, mdomo wazi, kama mtu anayetia ukungu kioo. Kikohozi kikali huweza kuibana mirija iliyolegea. Kuhema huko huibana kwa kiasi kidogo kuliko kikohozi. Matokeo waliyochapisha pamoja na wenzao mwaka 1979 yalionyesha makohozi mengi zaidi yakitoka kwa muda mfupi zaidi, tena bila msaidizi.

Mikono haijastaafu: mtoto mchanga hawezi kufundishwa kuhema. Hata hivyo, tangu watafiti wa Australia waonyeshe katika miaka ya 1990 kwamba kumwinamisha kichwa chini huzidisha kucheua, wataalamu wengi wameuacha mlalo huo kwa wachanga. Anayeweza kujifunza, sasa hufundishwa kujisafisha mwenyewe.