Ardhi "Isiyotumika": Historia ya Neno Moja

Sisi wahakiki tumezoea kuzikaba koo riwaya na tamthiliya, sheria tukawaachia wanasheria. Lakini sheria nayo ni matini: ina msimulizi, ina wahusika, na ina walionyimwa usemi. Makala haya yanafuatilia dhana moja tu katika lugha ya mipango ya ardhi Tanzania, ile inayoiita ardhi ya watu kuwa ni tupu.

Tuanzie tarehe 26 Novemba 1895. Siku hiyo utawala wa Kijerumani ulitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni lake haina mwenyewe, hivyo ni mali ya taji, isipokuwa pale mtu, mtawala wa jadi au jamii itakapothibitisha umiliki. Athibitishe kwa nini? Mlowezi alikuwa na karatasi. Mkulima alikuwa na jembe na makaburi ya babu zake.

Waingereza walikuja na msamiati laini zaidi. Sheria yao ya Ardhi ya 1923 ilisema "ardhi ya umma", lakini umma huo funguo zake alizishika Gavana. Marekebisho ya 1928 yakaitambua haki ya mwenyeji anayekalia ardhi kimila. Hapo tusimame kidogo, jamani. Haki ya mlowezi "ilitolewa". Ya mwenyeji "ilichukuliwa kuwa" imetolewa. Mmoja anayo, mwingine anadhaniwa anayo! Baada ya Uhuru umilikaji wa kudumu wa kizungu ulifutwa mwaka 1963, lakini muundo wenyewe ulibaki: alipokaa Gavana akakaa Rais.

Kisha Novemba 1973 Mwalimu Nyerere aliagiza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Lengo hatulibezi: shule, maji, zahanati. Ila mpangaji alipolitazama pori hakuona kitu, na kumbe palikuwa na kitu. Wasukuma wana neno *ngitili*. Ni eneo la malisho ambalo mvua zinapoanza hufungwa, nyasi zikue, kisha hufunguliwa kiangazi kikali mifugo isipokuwa na pa kukimbilia. Kaya zilipohamishwa mbali na maeneo yao, ngitili nyingi zilikosa mlinzi, zikafa. Shinyanga ikabaki vumbi, ingawa ukataji miti wa tangu enzi za ukoloni nao ulichangia. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wataalamu walihangaika na vitalu vya miche, na baadaye wakagundua kwamba dawa ilikuwa katika neno la wazee. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa kwa njia hiyo. Neno ambalo halikuwamo katika kamusi ya mpangaji lilifanya kazi kuliko istilahi zake zote.

Sasa tuje kwenye sheria tulizo nazo. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoundwa 1991, ilipendekeza ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikukubali. Mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5. Zote mbili zinataja ardhi ya jumla, ya hifadhi na ya kijiji. Lakini zisome pamoja kama unavyosoma matoleo mawili ya utenzi mmoja. Na. 5 inasema ardhi ya jumla ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, basi. Na. 4 inaongeza kijisehemu: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Isiyotumika lini, na machoni pa nani? Ukipita kwenye ngitili mwezi Machi hutakuta ng'ombe hata mmoja. Ukirudi Septemba, hutapata pa kukanyaga.