Gitaa la kopi: ununue au uache?

Haya basi, wapenzi wa vyuma na nyaya, leo tuguse gitaa la umeme. Wengi wakisikia "kopi" hufikiria takataka. Historia inasema vingine.

Fender walitoa Stratocaster mwaka 1954. Mwaka 1965 CBS waliinunua kampuni hiyo, na baadaye wachezaji wakaanza kulalamika kwamba ubora umeshuka. Wakati huo Wajapani walikuwa wakiiga magitaa ya Marekani, na kazi yao ikazidi kuwa safi. Mwaka 1977 wenye Gibson waliwashtaki wauzaji wa Ibanez huko Marekani kwa kuiga umbo la kichwa cha gitaa. Kesi iliisha kwa maelewano. Fender nao, mwaka 1982, walianza kutengenezesha magitaa hukohuko Japani, wakauza kopi zao wenyewe kwa jina Squier!

Kwa hivyo jina pekee lisikumalizie pesa. Dukani, angalia shingo kama imenyooka. Pitisha kidole ukingoni usikie kama vyuma vinakwaruza. Kaza nyuzi, piga dakika kumi, uone kama sauti inahama. Likifaulu, nunua. Likishindwa, liache, hata kama ni rahisi.