Tarehe ya Mafia: Miji Minne ya Utawala

Visiwa vya Mafia vimetawaliwa kutoka miji minne, na bahari ndiyo iliyoihamisha. Mji mmoja imeumeza, wa pili iliuletea adui, wa tatu iliunyima kina cha maji.

Wa kwanza ni Kisimani, kwenye rasi ya magharibi, ambao sehemu yake kubwa imeliwa na mawimbi. Wa pili ni Kua, kisiwani Juani, ambako kuta za jumba la wenye mji na misikiti bado zimesimama kichakani. Wazee husimulia uhasama wa miji hii miwili: watu wa Kisimani waliwakamata watoto wa Kua, wakawafunga na kushusha jahazi juu ya miili yao. Kua wakanyamaza miaka kadhaa, kisha wakawaalika harusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi, wakakiziba mlango. Simulizi ni simulizi, lakini hakuna mtoto wa Juani asiyepaswa kuijua.

Kua haikuangushwa na Kisimani. Mnamo 1829 hivi Wasakalava walivuka kutoka Bukini (Madagaska), wakaupora mji, wakachukua watu utumwani. Haukuinuka tena. Utawala ukahamia Chole, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kwa mabwana wa mashamba ya minazi chini ya Sultani wa Zanzibar. Wajerumani walioichukua Mafia mwaka 1890 nao wakakaa Chole. Lakini maji yakitoka, ghuba ya Chole hubaki mchanga na matope, na meli kubwa hazina pa kutia nanga. Mwaka 1913 wakahamishia makao Kilindoni. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, na ndege zao zikaruka kutoka hapo kuisaka manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, Julai ikaangamia. Mafia ikasimamiwa na Zanzibar hadi 1922, ilipowekwa chini ya Tanganyika.

Kilindoni ndiyo makao hadi leo, katika Mkoa wa Pwani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa nchini mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria ya 1982. Chini ya halmashauri kuna kata, vijiji na vitongoji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 Mafia. Ya 2022 ikawakuta 66,180. Ni ongezeko kubwa kwa kisiwa ambacho urefu wake ni kama kilomita 50.

Kwa mtu wa Bweni au Kanga, kufika halmashauri ni safari ya barabara. Wa Jibondo hupanda kwanza mashua hadi Utende, tena akiangalia maji kujaa na kupwa. Kisiwa chake ni cha mawe, maji ya kunywa ni haba, na mafundi wake wa majahazi wanasifika pwani nzima. Haki ya mtu huyu isipimwe kwa kipimo cha bara: bajeti ya kisiwa ianze na chombo cha kuvukia.

Kadhi Amur Omar Saadi alichapisha habari za Mafia mwaka 1941. Tangu hapo wazee wengi wameondoka. Madiwani wa Mafia, tengeni fungu la kuwarekodi waliobaki Juani, Chole na Jibondo, na simulizi zao zisomwe katika shule zenu.