Kodi ya Kibanda na Ruzuku ya Fukara Umakondeni

Kabla serikali haijafikiri kumsaidia fukara katika gharama za makazi yake, ilitangulia kumtoza kwa kuwa nayo: tangu mwaka 1898 Wadachi walifaradhisha kodi ya kibanda, na ahali wa Masasi na Newala, ambao nyumba zao za miti na udongo hazikuwagharimu ila jasho lao na la jirani zao, wakalazimika kuitafuta rupia kwa nafaka, kwa mpira wa porini, au kwa kazi za mashamba ya mbali. Waingereza waliidumisha, na baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 sehemu yake ikaingia katika hazina za wenyeji. Lakini dhuluma, kwa rai yangu, ilibaki, kwani kodi hiyo haikupima uwezo wa mtu.

Baada ya uhuru, halmashauri za wilaya, zilizoshika nafasi ya hazina hizo, zilivunjwa 1972, zikarejeshwa 1984. Kodi ya maendeleo, waliyokuwa wakiwatoza watu wazima, ikafutwa 2003. Sasa ni kupitia halmashauri hizo ndipo kaya maskini hupokea ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioasisiwa mwaka 2000, ambayo, ijapokuwa haikuitwa fedha ya pango, humwezesha mama wa Newala kununua bati moja moja, au kumlipia mwanawe chumba karibu na sekondari.