UZI: Nani atalipa mgeni akikwama? Historia ya udhamini wa viza ya mke au mume

1. Kila Marekani ikikaribia uchaguzi, hoja hii hurudi: "Usilete mke au mume kutoka nje kama huna pesa za kumtunza." Upande wa pili hujibu: "Kwa hivyo maskini haruhusiwi kuoa anayempenda?" Nasi Wakenya tunaingia katikati na kurushiana maneno kama vile kura ni zetu. Na si ajabu, wengi wetu tuna jamaa anayengoja hizo karatasi. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nimekuwa nikiifuatilia historia ya jambo hili. Sitaji chama wala mwanasiasa. Kaeni kitako, twende polepole.

2. Tuanze na sheria ilivyo. Raia wa Marekani, au mkaazi wa kudumu, akitaka kumleta mwenzake wa ndoa, anatia sahihi fomu inayoitwa I-864. Lazima aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa nchi hiyo. Mwaka 2024, kwa nyumba ya watu 2, hiyo ilikuwa dola 25,550 kwa mwaka (Alaska na Hawaii zina viwango vyao). Ukipiga kwa shilingi 130 kwa dola, ni kama milioni 3.3. Mwanajeshi aliye kazini anayemleta mke, mume au mtoto anahitaji asilimia 100 tu.

3. Kwetu zinasikika nyingi, lakini hebu tupige hesabu ya kule kwao. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, mwaka mzima bila kukosa, anapata dola 15,080. Hafiki. Ili afike anahitaji zaidi ya dola 12 kwa saa. Kwa hivyo kuna raia wanaoamka kila siku kwenda kazini na bado hawawezi kudhamini ndoa zao peke yao. Hilo ndilo linalowasha moto kwenye midahalo.

4. Wazo lenyewe lilitoka wapi? Uingereza ya zamani. Kule kila parokia ilikuwa na wajibu wa kulisha maskini wake, na haikutaka kulisha wa jirani. Sheria ya mwaka 1662 iliruhusu mgeni anayeonekana ataitegemea parokia arudishwe alikotoka. Huyo hakuwa mgeni kutoka ng'ambo. Alikuwa Mwingereza aliyehamia kijiji cha pili. Walowezi waliovuka bahari kwenda Amerika waliibeba fikra hiyo pamoja na mizigo yao.

5. Katika karne ya 19, miji ya bandari kama New York na Boston ilipokea abiria wengi kutoka Ulaya. Majimbo yakawageukia wenye meli: wewe ndiwe uliyewaleta, weka dhamana au ulipe, ili wakiwa maskini gharama isiangukie jimbo. Kwa hivyo mdhamini wa kwanza wa mhamiaji hakuwa mume wala mke. Alikuwa mwenye chombo. Mwaka 1876 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema majimbo hayana mamlaka hayo, uhamiaji ni kazi ya serikali kuu.

6. Serikali kuu ikalichukua jukumu. Sheria ya 1882 ilitoza senti 50 kwa kila mgeni aliyeingia kwa meli, na ikamzuia mtu asiyeweza kujitunza bila kuwa mzigo wa umma. Shikeni hayo maneno, "mzigo wa umma", kwa sababu yako hai mpaka leo. Mwaka 1891 sheria ikapanuliwa: hata kama si mzigo sasa, ukionekana unaelekea kuwa mzigo, unarudishwa. Afisa akapewa kazi ya kutabiri maisha yako.

7. Utabiri huo haukuwa sawa kwa wote. Pale Ellis Island, kituo kilichofunguliwa Januari 1892, mwanamke aliyesafiri peke yake angeweza kuzuiliwa hadi mume au jamaa aje kumchukua. Mwanamume mwenye mikono yenye nguvu alihesabiwa kuwa atapata kibarua. Mwanamke alihesabiwa kuwa ni wa kutunzwa na mtu. Ukiitazama fomu ya leo, mke au mume anaingia kwa mgongo wa mwenzake. Mizizi yake ni ya siku nyingi.

8. Mwaka 1924 mlango ukahama. Viza ikawa inatolewa na maafisa wa ubalozi ng'ambo kabla mtu hajasafiri. Halafu uchumi wa dunia ukaanguka, na Septemba 1930 Ikulu ya Marekani ikaagiza kwamba kipengele cha mzigo wa umma kitumike kwa ukali. Hakuna sheria mpya iliyopitishwa. Maneno yalikuwa yale yale ya zamani, kilichobadilika ni maagizo ya namna ya kuyasoma.

9. Matokeo yake yalikuwa mazito. Wayahudi waliotaka kuikimbia Ujerumani miaka ya 1930 walihitaji jamaa Marekani aape kwamba atawatunza. Afisa angeweza kusema jamaa huyo ni wa mbali mno, au hana pesa za kutosha. Mgao wa Ujerumani ulikuwa nafasi 25,957 kwa mwaka, lakini kwa miaka mingi ya muongo huo haukujaa, huku watu wakipanga foleni. Kwa hivyo mtu akikwambia hii ni karatasi tu ya ofisini, mkumbushe hapo.

10. Sasa sikiza sehemu ambayo wengi hawaijui. Viapo hivyo vya zamani havikuwa na meno. Majimbo yalipojaribu kuwadai wadhamini pesa zilizotumika kuwatibu au kuwalisha wageni wao, mahakama kadhaa, zikiwemo za New York, Michigan na California, zilisema katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba ahadi ile ilikuwa ya heshima, haikuwa deni la kisheria. Ulikuwa unaapa, mgeni anaingia, na hadithi inaishia hapo.

11. Mwaka 1996 hadithi ikabadilika. Mwezi Agosti, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza misaada ya serikali, na wahamiaji wapya wengi wakafungiwa misaada mingi ya serikali kuu kwa miaka 5 ya kwanza. Septemba ikafuata sheria ya uhamiaji iliyogeuza kiapo kuwa mkataba. Fomu mpya ikaanza kutumika tarehe 19 Desemba 1997.

12. Mkataba huo unasemaje? Unaahidi kumtunza mwenzako asishuke chini ya asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Wajibu unaanza akipata ukaazi wa kudumu. Unaisha akiwa raia, au akihesabiwa robo 40 za kazi (kama miaka 10), au akiondoka nchini moja kwa moja na kupoteza ukaazi, au mmoja wenu akifa. Serikali ikimpa msaada wa watu wa kipato cha chini, inaweza kukudai urudishe. Na yeye mwenyewe anaweza kukupeleka mahakamani.

13. Umeona neno talaka hapo? Halipo. Kuachana hakumalizi mkataba. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliyoko Chicago iliamua kwamba mdhamini hawezi kujitetea kwa kusema aliyekuwa mke wake hakutafuta kazi kwa bidii. Alichopata kweli kinapunguzwa kwenye hesabu, lakini uvivu, kama upo, haumwondolei mdhamini deni.

14. Hili nataka lisikike vizuri, maana kuna dada zetu na kaka zetu wanaoishi ugenini wakitishwa kila siku: "Mimi ndiye nilikusainia, nikitoa jina langu umekwisha." Ukishapata ukaazi wa kudumu, sahihi ile haifutwi kwa hasira. Hiyo karatasi anayokutishia nayo ndiyo inayomfunga yeye kwako. Mtu wa hali hiyo amwone wakili wa uhamiaji, asisikilize vitisho vya jikoni.

15. Upande wa pili wa shilingi ni mdhamini mwenza. Kama kipato chako hakifiki, mtu mwingine aliye raia au mkaazi wa kudumu kule anaweza kutia sahihi pamoja nawe. Wakenya wengi huko husaidiana kwa moyo wa harambee: mzee wa kanisa au rafiki wa nyumbani anasaini kisha anasahau. Lakini sisi tunajua udhamini wa sacco. Mkopaji akitoroka, akiba ya wadhamini ndiyo hukatwa. Basi huu ni udhamini wa sacco unaoweza kudumu miaka 10 au zaidi, na mkopaji akiwa ni ndoa ya watu wengine.

16. Na ile ploti ya Kitengela? Mali inaweza kuziba pengo, ikiwa inaweza kuuzwa ikawa pesa taslimu ndani ya mwaka 1. Kwa mke au mume wa raia, mali iwe mara 3 ya kilichopungua. Umepungukiwa dola 5,000? Onyesha mali ya 15,000. Lakini mshahara wa Nairobi ambao utaisha ukipanda ndege hauhesabiwi.

17. Uingereza ilichagua njia nyingine. Hadi 2012 ilitosha kuonyesha kwamba mtaishi bila kutegemea misaada. Julai mwaka huo ikaweka kiwango kimoja: pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 ikapanda hadi 29,000. London na mji mdogo wa kaskazini, ambako mishahara ni midogo, kiwango ni kile kile. Mshahara wa mwombaji anaofanyia kazi ng'ambo hauhesabiwi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu yao ilikubali kwamba serikali ina haki ya kuweka kiwango, lakini ikasema kanuni hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto.

18. Tuzipime hoja basi. Anayesema mlipa kodi asibebeshwe mzigo wa ndoa ya mtu ana hoja, na ni hoja ya tangu parokia za 1662. Anayesema sheria inatenganisha familia za wafanyakazi wa mishahara midogo pia ana hoja, na hesabu ya namba 3 inamuunga mkono. Pale wote wawili wanapokosea ni kubishana kuhusu kiwango peke yake, kana kwamba mambo yanaisha siku viza inapotoka.

19. Ninavyoisoma historia hii, swali halijawahi kuwa kama watu hao wawili wanapendana. Swali ni nani atalipa mgeni akikwama. Kwanza alikuwa mwenye meli. Baadaye serikali ikajibu kwa kufunga mlango. Tangu 1996, Marekani imemkabidhi mwenzako wa ndoa jukumu hilo kwa mkataba. Mimi naona kumdai mdhamini ahadi yake ni haki. Kumzuia mfanyakazi wa kima cha chini, ambaye serikali yenyewe ndiyo iliyokiweka kima hicho, hapo ndipo naona sheria inajipinga.

20. Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa wa nchi yoyote akiahidi "kukaza" au "kulegeza" viza za ndoa, muulize mambo matatu. Kiwango kitakuwa kipi, na kinalingana na mishahara ya nani? Nani atakubaliwa kusaidia kudhamini? Na baada ya viza kutoka, nani anabeba deni, kwa miaka mingapi? Asipojibu la tatu, hajasema kitu.

Uzi umeisha. Mpelekee yeyote aliyeombwa kusaini kabla hajachukua kalamu. Maswali yaacheni hapa chini, nitajibu kadiri niwezavyo.