Ramani ya nyanda kame: Mstari wa buluu usio na maji

ANAYEIKUNJUA ramani ya topografia ya eneo la Merti, kaskazini mwa Kenya, kwanza hulakiwa na utupu. Makazi ni machache na njia ni za kuhesabika. Hata hivyo, karatasi hiyo imesheheni habari kwa ajuaye kuisoma.

Kontua ni mstari unaounganisha mahali penye kimo sawa kutoka usawa wa bahari. Zinapoachana, ardhi ni tambarare. Zinapobanana, mteremko ni mkali. Uwanda wa Merti ni tabaka za lava ya volkeno zilizotapakaa na kupoa juu ya mashapo ya kale. Ndiyo sababu kontua zake ni chache upande wa juu, lakini hurundikana ghafla ukingoni, panapoporomoka genge kuelekea bonde la mto Ewaso Nyiro.

Maji nayo yana lugha yake. Mstari wa buluu usiokatika ni mto wa kudumu, na uliokatika vipande vipande ni mto wa msimu, ambao wenyeji huuita laga. Tena, kontua inapovuka mkondo hukunjika mfano wa herufi V, ncha yake ikielekea yatokako maji. Kwa hiyo, hata pasipochorwa buluu, msomaji makini ataitambua njia ya mafuriko.

Ewaso Nyiro huanzia Mlima Kenya, Aberdare na nyanda za Laikipia, ukapita Samburu na Merti hadi kinamasi cha Lorian, ambako kwa kawaida hufia. Ni wakati wa gharika tu ambapo maji husonga mbele kupitia Laga Dera kuelekea Somalia.

Hapo ndipo penye hatari. Mvua hunyesha milimani, mafuriko yakamfika mtu aliye chini ya anga isiyo na wingu. Mnamo Machi 4, 2010, mto huo ulivunja kingo zake ukaharibu kambi za kitalii huko Samburu, na wageni wakaokolewa kwa helikopta.

Mfugaji huchimba kisima katika mchanga wa laga kwa kuwa anajua maji yamejificha chini. Msafiri naye, kabla ya kupiga hema juu ya mchanga huo huo, na aufuate kwa kidole ule mstari uliokatika hadi chanzo chake. Ukavu wa leo si ahadi ya usiku.